Wakikwambia Huwezi, Waulize Kwa Nini

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kijana akitujia na macho mekundu kwamba kocha amemkataa, kwamba mtaa mzima unamcheka, kwamba baba amemwambia aachane na mpira akatafute la maana, methali hiyo ndiyo tunayomkabidhi. Nami nimewapa vijana wengi, kwa nia njema kabisa, na miaka imenifundisha kuwa niliwapa nusu ya ushauri. Chura anaishi mtoni. Penye tope anapajua, na penye kina anapajua. Ng'ombe anywe maji yake, naam, ila asikilize kwanza kelele zinatoka upande gani.

Nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka kuiandika leo. Naiandika kwa ajili ya kijana anayecheza mpira wa magongo, au mchezo mwingine wowote, ambaye ameambiwa hafai. Naiandika pia kwa mzazi wake na kocha wake, kwa sababu sijaona kijana aliyewashinda wenye shaka akiwa peke yake. Mfano wangu mkubwa ni msichana mmoja wa India ambaye karibu kila aliyemtazama alikuwa na sababu ya kumkataa.

Msichana wa Shahabad

Rani Rampal alizaliwa Desemba 1994 katika mji mdogo wa Shahabad Markanda, jimbo la Haryana, kaskazini mwa India. Baba yake aliendesha mkokoteni wa farasi, na mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Karibu na kwao palikuwa na kituo cha kufundishia mpira wa magongo, na mtoto huyo alikuwa akisimama pembeni ya uwanja akiwatazama wenzake wakicheza. Alimwomba baba amnunulie gongo. Baba hakuwa na uwezo. Akamwomba kocha amchukue. Kocha Baldev Singh, mlezi wa wachezaji kadhaa waliofika timu ya taifa, alimtazama akakataa. Mtoto alikuwa amekonda kwa kukosa lishe, na mazoezi yale asingeyaweza.

Rani akaokota gongo lililovunjika, akaanza kujifua peke yake akiwa amevaa salwar kameez, kanzu na suruali pana za kila siku, maana nguo za michezo hakuwa nazo. Akarudi kwa kocha. Akakataliwa. Akarudi tena na tena, hadi kocha akakubali kumjaribu. Alipofunguliwa mlango wa uwanja, akakuta wa nyumbani umefungwa: wazazi hawakutaka binti yao akimbie mbele za watu na sketi fupi. Na huko mazoezini kila mchezaji alitakiwa kuja na nusu lita ya maziwa kila siku. Kwao walimudu mililita 200. Rani aliyaongezea maji, akayanywa, akaingia uwanjani.

Mwaka 2008, kabla hajatimiza miaka 15, alivaa jezi ya taifa. Mwaka 2010, akiwa na miaka 15, alikuwa mdogo kuliko wote katika kikosi cha India kwenye Kombe la Dunia mjini Rosario, Argentina. Alifunga mabao saba na kutajwa mchezaji bora chipukizi wa mashindano. Baadaye akawa nahodha.

Hadithi za namna hii husimuliwa mbiombio, kutoka gongo bovu hadi jezi ya taifa, kisha msikilizaji anaambiwa asikate tamaa. Naomba turudi katikati ya safari, maana mafunzo yamelala huko.

Pembua shaka kama mchele

Mama anayepika hamwagi mchele wote kwa sababu ameona mawe mawili, wala hapiki mawe pamoja na mchele. Anauweka kwenye ungo, anapembua. Shaka ya watu nayo ifanyiwe hivyo hivyo. Mimi huitenga katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni shaka iliyo kweli na inayorekebishika. Kocha Baldev Singh hakusema uongo: mtoto yule kweli alikuwa dhaifu. Rani angeweza kumchukia na kuishia hapo. Lakini udhaifu wa mwili una dawa yake, na ndani ya neno la kukataliwa mlikuwa na maelekezo ya kazi: pata nguvu, ongeza pumzi, rudi.

Kwa hiyo ukiambiwa huwezi, jibu lako la kwanza liwe swali. Usimwendee kocha mbele ya wenzako, na usimwendee ukiwa bado unatetemeka kwa hasira. Subiri siku ya pili, mkute akikusanya mipira, umsaidie kuikusanya, kisha umwambie: "Mwalimu, nimekusikia. Naomba unitajie mambo mawili ambayo nikiyarekebisha utanitazama tena, na uniambie nirudi lini." Akikujibu kwamba pumzi yako ni fupi na mkono wako wa kushoto ni mzito, amekupa kazi ya miezi mitatu. Yaandike kwenye daftari, pamoja na tarehe. Akishindwa kutaja hata jambo moja la mchezo, amekuonyesha kwamba shaka yake haikutoka uwanjani. Hiyo iweke kando, tutaifikia.

Kisha anza na chakula, kama Rani alivyolazimika kuanza. Vijana wengi wanaoambiwa ni wazembe huwa wana njaa tu. Wametoka shule saa kumi, mlo wa mwisho ulikuwa wa saa sita, na saa kumi na moja wanatakiwa kukimbia. Usitafute unga wa makopo unaouzwa ghali madukani. Kiazi kitamu au ndizi ya kuchemsha saa moja au mbili kabla ya mazoezi ni nguvu tosha. Baada ya mazoezi mwili unadai vya kuujenga: maharage, dagaa, yai, karanga, maziwa kama yapo. Kunywa maji mchana kutwa, usingoje kiu ikukute uwanjani. Na lala. Kijana anayekesha na simu hadi saa saba za usiku amejikata miguu mwenyewe kabla mpinzani hajamgusa.

Baada ya mwili, mikono. Gongo la mpira wa magongo lina uso bapa upande mmoja, ule wa kushoto, na sheria hairuhusu kuchezea mgongo wake wa mviringo. Magongo ya mashoto hayaruhusiwi. Kila mtu duniani hucheza na gongo la upande uleule. Ndiyo maana kiwiko na kiganja cha mkono wa kushoto vina kazi kubwa: kiganja hicho ndicho kinachogeuza gongo kila unapoupeleka mpira kulia na kushoto, na mkono wa kulia unalishika gongo kwa ulegevu ili lizunguke ndani yake. Ufundi huu hauhitaji nyasi bandia wala taa za uwanjani. Unahitaji ua uliofagiliwa, mpira mmoja, hata ule wa tenisi, na dakika ishirini. Peleka mpira kulia na kushoto bila kuutazama muda wote. Inua kichwa, hesabu majani ya mgomba, lakini mpira usikutoroke. Kisha tafuta ukuta, sukuma mpira, upokee na uutulize kwa mguso mmoja. Leo utautuliza mara kumi katika ishirini. Andika kumi. Wiki ijayo andika utakayoipata. Bandu bandu huisha gogo, lakini mkataji naye anahitaji kuona vipande vikianguka, la sivyo atachoka. Daftari lako ndilo litakaloonyesha hivyo vipande.

Siku ya miadi na kocha ikifika, nenda na hilo daftari. Hakuna maneno yatakayokutetea kuliko kurasa hizo.

Lisilobadilika, lijengee mchezo

Fungu la pili ni shaka iliyo kweli lakini isiyorekebishika. Mfano ni urefu. Hapa Rani hatufai sana, kwa hiyo tumtazame Martin St. Louis wa Kanada, aliyecheza magongo ya kwenye barafu, ambako wanaume wenye miili mikubwa hugongana kwa mabega wakiwa katika kasi ya viatu vya kuteleza. St. Louis alikuwa na urefu wa kama sentimita 173. Alikuwa na takwimu nzuri katika Chuo Kikuu cha Vermont, lakini klabu zote za ligi kuu ya Amerika Kaskazini zilipochagua vijana wao, hakuna iliyomchagua. Calgary Flames walimchukua bila kupitia uchaguzi huo, na mwaka 2000 wakamwacha. Akaenda Tampa Bay Lightning. Katika msimu wa 2003-04 aliongoza ligi nzima kwa pointi 94 za mabao na pasi, akapewa tuzo ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi, na timu yake ikatwaa kombe la Stanley. Mwaka 2013, akiwa na miaka 37, aliongoza tena.

Hakuongezeka hata sentimita moja kati ya siku aliyokataliwa na siku aliyobeba kombe. Alichofanya ni kuufanya ufupi wake uwe na kazi. Mtu mfupi mwenye mapaja yenye nguvu ni vigumu kumwangusha, hugeuka haraka kuliko jitu, na hupita mahali ambapo jitu halipiti. Basi nawe, ukishajua kwamba jambo fulani halitabadilika, acha kulipigania. Jiulize: mtu wa umbo langu anawasumbua wapinzani mahali gani? Mfupi afanye kazi ya kugeuka na kubadili kasi. Asiye na mbio ajifunze kusoma mchezo, afike mapema kwa akili mahali ambapo wenzake wanafika kwa miguu. Mwembamba ajifunze kuuachia mpira kabla ya kugongwa. Kila timu ina nafasi zaidi ya moja, na pengine wewe ulikataliwa kwenye nafasi isiyo yako.

Mzigo usio wako

Fungu la tatu ni shaka isiyokuhusu wewe. Wazazi wa Rani hawakusema binti yao hajui kucheza. Waliogopa maneno ya watu. Umaskini nao haukuwa kosa lake. Shaka ya namna hii huwezi kuimaliza kwa kukimbia mizunguko mingi zaidi uwanjani, na ukijaribu utajiumiza bure.

Inahitaji mambo mawili. La kwanza ni makubaliano yenye mwisho. Rani aliwasihi wazazi wamruhusu ajaribu, na akaahidi kwamba akishindwa atafanya watakalo. Ombi la aina hiyo mzazi analiweza, kwa kuwa linampa mpaka. Usimwambie baba, "Niache nicheze maisha yangu yote." Mwambie: "Baba, nipe hadi mwisho wa mwaka. Nikishuka darasani, nitapunguza. Kazi zangu za nyumbani nitazimaliza kabla ya kutoka." Kisha timiza, hasa hilo la kazi za nyumbani. Vyombo vilivyooshwa alfajiri vimewafungulia milango ya uwanja wasichana wengi kuliko mabishano.

La pili ni mtu wa kukusemea. Maneno ya shangazi, mwalimu wa michezo, sheikh au padri wa mtaani yana uzito ambao ya kwako bado hayajaupata. Mchague mtu ambaye wazazi wanamheshimu, mwalike siku moja aje akutazame ukicheza. Akishaona kwa macho yake, hatahitaji kufundishwa la kusema.

Neno kwa mzazi na kocha

Mzazi mwenzangu, katika habari yote ya Rani hakuna kinachonigusa kama saa ya ukutani. Kwao haikuwepo. Mazoezi yalianza alfajiri, na kuchelewa kulikuwa kosa. Mama yake alikuwa akikaa macho, akiitazama mbingu, ili ajue wakati wa kumwamsha mtoto. Mama yule hakuwa na hela ya maziwa ya kutosha wala ya viatu, naye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waliosema hapana. Alichokuwa nacho ni usingizi wake, akautoa. Ukiniuliza umsaidie mwanao kwa lipi ilhali huna kitu, jibu langu ni hilo: mpe alichompa mama Rani. Mwamshe. Mtengee chakula. Mwulize jioni, "Leo ulituliza mipira mingapi?"

Nawe kocha, unapomkataa mtoto, mtajie sababu. Ukisema tu "hufai," umemfungia mlango gizani. Ukisema "huna pumzi, rudi baada ya miezi mitatu," umemwachia taa. Baldev Singh alimkataa Rani, kisha akawa mtu wa kumnunulia viatu na vifaa, na akamkaribisha aishi na familia yake ili apate kula vizuri. Anayekushuku leo anaweza kuwa nguzo yako kesho, na hiyo ni sababu nyingine ya kijana kutomtukana yeyote anapoondoka uwanjani.

Hapo niongeze tahadhari, maana nisipoisema nitakuwa nimekosea. Mtoto asihamie kwa kocha bila wazazi kuifahamu nyumba hiyo, kuwajua wote wanaoishi humo na kumtembelea mara kwa mara bila taarifa. Kocha mwema hatachukizwa. Anayechukizwa, mchukue mwanao urudi naye nyumbani siku hiyohiyo.

Siku ya kuonyesha huchelewa

Kijana, huenda unadhani kuna siku moja ambapo waliokucheka watasimama wote na kukupigia makofi. Ngoja nikuambie ilivyokuwa kwa Rani hata baada ya kufika juu.

Mwaka 2016 wanawake wa India walikwenda Olimpiki ya Rio. Ilikuwa mara yao ya kwanza tangu Moscow 1980. Rani na wenzake walimaliza Rio wakiwa wa mwisho kati ya timu 12. Fikiria maneno yaliyosemwa. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2019, walikuwa Bhubaneswar, kwao India, wakigombea tiketi ya Tokyo dhidi ya Marekani katika mechi mbili. Ya kwanza walishinda 5-1. Katika ya pili, kufikia mapumziko, Wamarekani walikuwa wameshapachika mabao manne na faida yote imeyeyuka. Robo ya mwisho Rani akafunga. India wakapita kwa jumla ya mabao 6-5. Huko Tokyo, Agosti 2021, wakiwa chini ya unahodha wake, waliitoa Australia 1-0 katika robo fainali, kisha wakapoteza nusu fainali kwa Argentina na mechi ya shaba kwa Uingereza, 4-3. Wakawa wa nne, nafasi ambayo wanawake wa India walikuwa wameifikia mara moja tu, huko Moscow.

Nafasi ya nne haina medali. Wakenya wanalijua hilo: timu yao ya wanaume ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, na wazee wao bado wanaizungumzia kwa fahari, na wana haki. Baada ya Tokyo, Rani aliumia, na mwaka 2022 akaachwa nje ya kikosi cha Kombe la Dunia. Alijitibu, akarejea kikosini mwaka ufuatao, na Oktoba 2024 akastaafu akiwa amecheza zaidi ya mechi 250 za kimataifa.

Ukiyapanga yote hayo, hutaiona siku moja ya ushindi juu ya wakosoaji. Utaona shaka ikija, ikijibiwa, ikirudi na sura mpya. Kwa hiyo usijifunge na ratiba ya watu wanaokucheka. Wengi wao watakuwa wamekusahau wakati wewe bado unawaza namna ya kuwaumbua. Hasira inaweza kukutoa kitandani wiki ya kwanza. Wiki ya arobaini unatolewa na mazoea, na watu wanaokungoja uwanjani.

Na nikuambie ukweli ambao washauri wengi huuficha: wengi wanaofuata haya yote hawatavaa jezi ya taifa. Nafasi ni chache, na magoti huumia. Ndiyo maana makubaliano yako na wazazi yawe na mwisho, na shule isiachwe. Muda ukiisha na lango halijafunguka, kaa chini na daftari lako na mtu unayemwamini, mtazame kama kuna kazi iliyobaki au umefika ukingoni. Kubadili njia baada ya kuitembea kwa uaminifu hakuna aibu. Mchezo una marefa, makocha wa watoto, watunza viwanja, wataalamu wa kutibu misuli. Rani mwenyewe, mwaka 2023, kabla hata hajastaafu, alipewa kazi ya kuwafundisha wasichana wadogo wa taifa lake. Natumaini wapo waliokuja mbele yake wamekonda.

Zawadi yake ya kwanza ya pesa katika mchezo ilikuwa rupia 500, akampa baba yake, ambaye hakuwahi kushika kiasi hicho kwa mara moja. Alimwahidi kwamba siku moja watakuwa na nyumba yao. Mwaka 2017 nyumba ikapatikana.

Kesho usianze na nyumba. Anza na kumkuta yule aliyekwambia huwezi, kwa adabu, na kumwuliza kwa nini. Andika jibu lake. Kisha urudi nyumbani, ufagie ua, utafute mpira.